Makofi Kutoka Stoo

Kaka yangu,

Huku tu wazima, ila najionea kinyaa. Mwanao anaendelea vizuri. Nilimfundisha kukata maneno ya Kiingereza vipande vipande, kila kipande kofi moja, na akipiga makofi kile kigugumizi chake kinatoweka.

Leo wamekuja wakaguzi katika darasa ninalofundisha. Mwalimu mkuu, mnafiki yule, alikuwa amewakaririsha watoto maneno kumi kama kasuku. Asubuhi akaniambia, "Huyo wa kwako mweke stoo, asituaibishe."

Mkaguzi akatamka neno la kumi na moja, remember, akataka walikate vipande. Watoto wakatazamana. Mara stoo ya pembeni ikatoa makofi matatu na sauti iliyonyooka: "Re-mem-ber!"

"Nani huyo?"

Mwalimu mkuu akachekacheka. "Mtoto wa mpishi tu, anacheza."

Nikatazama viatu vyangu.

Mwanao hajanisemesha tangu turudi. Atakuandikia, lakini mengine hatayasema, maana ananistahi. Basi yasikie kwangu: muda wote ule, ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu.

Shangazi yake, kama jina hilo bado nalistahili.