Kisima Changu na Majirani

Masanze, Jumanne

Leo tena hakuna aliyepiga hodi. Tangu nimruhusu Maduhu, mfugaji mgeni, anyweshe ng'ombe kisimani kwangu, majirani wamenisusa. Wanahofia mahindi yao. Nami nahofia yangu, lakini ningekuwa mgeni ningeomba maji hayo hayo.

Zamani tungelizungumza kwenye mkutano wa kijiji. Siku hizi za soko huria kila mtu na lake.

Jioni Hamisi, niliyemfundisha kusoma, alipita bila shikamoo. Nilikasirika, kisha nikamtangulia mimi.

"Hujambo, Hamisi?"

"Shikamoo, mwalimu. Ila hao ng'ombe watatumaliza!"

"Marahaba. Karibu tuzungumze."

"Siku nyingine."

Nimekula peke yangu. Huenda Maduhu naye anakula peke yake. Maji nimempa, lakini sijamkaribisha kuketi hata siku moja. Kesho nitamkaribisha, na waone wanaopita.