Saluti kwa Ndege

Jumatatu, 4 Machi

Wodi ya majeruhi. Mguu wangu umening'inizwa juu na mimi niko chini.

Leo kaja Waziri na wapiga picha wake. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka picha zikatoka. Akasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Nyasi! Sisi ni manowari ya chuma, bahari yetu wenyewe, vita vya watu wengine. Lakini Waziri alishapata methali yake, ya nini kumsumbua?

Na wale waliotupiga mabomu wameleta maua. Kadi inasema wanasikitika. Nimemwomba nesi ayapeleke chooni, kule kunanuka.

Jumanne, 5 Machi

Nahodha yuko chumba cha peke yake. Kachubuka kiwiko, maskini! Melini tunamwita Saluti. Huyu hata kabati lenye kioo atalipigia saluti.

Niandike nilichosikia nikiwa kwenye usukani, kabla hawajanisahaulisha. Ndege ilishuka chini, ikatuzunguka. Saluti akafurahi, eti tumepata wageni. Akamwamuru Twiga, mshika bendera wetu, ashushe bendera kutoa heshima. Hiyo ni desturi ya meli kwa meli: unashusha kidogo, mwenzio anashusha, mnapandisha, kila mtu na safari yake. Twiga akasema, afande, ndege itashusha nini? Saluti akafoka — tusionekane washamba!

Twiga akashusha. Ndege ikarudi na mabomu. Tulimkuta kafa, kamba ya bendera mkononi. Alikuwa anaipandisha tena.

Alhamisi, 7 Machi

Watu wa maua sasa wanasema hawakuona bendera. Na wakubwa wetu wamekubali, tena mbiombio. Redio imesema mshika bendera aliishusha bila amri. Mzembe! Tume ya uchunguzi ikithibitisha, hatazikwa kwa heshima pamoja na wenzake.

Jioni Saluti kaja, kaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa. Mdogo wangu, anasema, kati ya waliokuwa karibu nami siku ile umebaki wewe tu. Maiti haina aibu, sisi tulio hai ndio wenye vyeo. Eti kanipendekeza nipewe medali. Ya nini? Ya kuvunjika mguu?

Alinukia marashi. Hospitalini!

Jumamosi, 9 Machi

Mke wa Twiga alikuja. Namwita shemeji tangu siku ya harusi yao. Hakulia. Akauliza: "Shemeji, ni kweli alishusha mwenyewe?"

Nikamjibu tume itasema.

Mimi huyu! Nimekaa na wakubwa siku chache tu, tayari naongea kama wao. Akanimenyea chungwa, akakusanya maganda, akaondoka. Chungwa sijalila. Saluti namdharau, lakini leo nimempita.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika kwenye korido, nje ya chumba cha tume. Wamenileta kwa kiti cha magurudumu. Shemeji yuko kwenye benchi la pili. Hawakumwalika, kaja.

Saluti yuko ndani anatoa ushahidi. Mlango haufungi vizuri, tunasikia kila kitu. Anasema yule kijana alikuwa mkaidi siku zote. Anasema, "Nilimkataza."

Nilimkataza! Na sauti haikutetemeka hata kidogo. Mwenyekiti akamwambia pole, afande.

Nilimtazama shemeji. Yeye alikuwa ananitazama tangu zamani.

Saluti katoka. Kapita, kanigonga bega, kanong'ona, "Fupi tu, mdogo wangu." Shemeji aliyeketi pale, Saluti hakumwona kabisa. Nadhani hata jina lake halijui.

Karani kaniita. Nimemwambia asubiri, namalizia sentensi. Kanikodolea macho. Na akodoe!

Shemeji kasimama. Kasema, "Ukitoka usinieleze chochote. Sema humo ndani, nisikie kwa masikio yangu."

Kisha kaburuta kiti cha askari wa mlangoni mpaka katikati ya mlango, kakaa. Askari anambembeleza, mama, mlango lazima ufungwe. Yeye hata hageuki. Karani anaita mara ya pili. Nafunga daftari; nitaanza na maneno ya Twiga: afande, ndege itashusha nini?