Nyumba Mwisho wa Uwanja wa Ndege

Jumatatu, 3 Juni
Kupima tena. Vumbi jekundu hadi kwenye meno. Tunatafuta mpaka wa eneo la usalama la uwanja wa ndege. Nyumba zitakazoangukia ndani zinavunjwa. Kibondo imekua, loo! Nilipoletwa hapa kutoka Pangani, kazi yangu ya kwanza, upande huu kulikuwa na mashamba ya mihogo na nyumba moja tu, ya Mama Yusta. Nilipanga chumba kwake. Bado yupo. Sijaenda kumsalimia. Naogopa.

Jumanne, 4 Juni
Mchana kutwa nawaza siku zile. Ndege zilikuja kwa nadra, basi Mama alianika mihogo palepale zinapotua. Tukisikia muungurumo, mbio! Yeye mbele na mikeka, mimi nyuma, msomi mzima, beseni la mihogo ya udaga iliyovundikwa kichwani. Alinicheka: "Kimbia, Mswahili wa pwani, itakukanyaga!" Furaha ile sijaipata tena, si Dodoma wala Dar.

Ijumaa, 7 Juni
Nyumba ya Mama iko ndani ya mpaka. Nimepima mara mbili. Nimemwomba mwenzangu naye apime. Ndani. Bosi anasema atapewa fidia na kiwanja njia ya Kitahana. Sawa. Lakini nilipougua malaria, aliyekesha na mimi ni Mama Yusta, si bosi.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda. Ole wangu! Amesikia maofisa watapita kukagua, akapaka ukuta wote chokaa, akafagia mpaka barabarani. Anadhani zinazovunjwa ni nyumba chafu. Akamwambia jirani mbele yangu, "Huyu mwanangu ndiye mkubwa wao. Yangu haiguswi." Nimekunywa chai. Nimeondoka bila kumwambia kuwa yake imo. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 10 Juni
Sikuenda. Nimejisingizia kazi.

Jumatano, 12 Juni
Nimemwambia. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliuliza kama mashine yetu inaweza kukosea. Nikasema tumerudia, haijakosea. Akauliza, "Na ingekuwa nyumba ya mama yako kule Pangani?" Nikasema ningepima vilevile. Akalia. Nikalia na mimi, mtu mzima na mvi zangu. Kesho vijana wetu wanapita kuweka alama za X. Hataki waguse ukuta wake. "Aweke aliyekula humu ndani."

Alhamisi, 13 Juni
Asubuhi. Baridi. Nimechora X mwenyewe, rangi nyekundu juu ya chokaa mpya. Mstari mmoja umepinda. Mama alinishikia kopo. Nilipomaliza akachukua kitambaa, akainama, akafuta matone yaliyochuruzika, ili ukuta ubaki safi.