Yaya, mwaka huu hatuvuki

Yaya,

Ni mi, Sifa, mudogo wako. Nakuandikia hapa mulangoni kwako. Batoto bako bamekula, bako inje banagombania mupira ya matambara. Nilitaka kuanza na habari nzuri. Nimeitafuta, sijaiona.

Ziwa imefungwa. Juu ya vita, boti hata moja haitoki Baraka. Barabara ya Uvira nayo, mutu anaenda mpaka kwa kizuizi, anarudishwa. Ku milima ndio usiseme. Naomi, kipa wetu, yule binti wa Bibokoboko kule ku milima, baba yake amemukataza kufika uwanjani. Anasema siku hizi jina ya mutu peke yake inaonyesha kabila, inatosha kumuletea shida. Nilienda kumusalimia. Aliniuliza neno moja tu: "Tutavuka?" Nikaanza kusifu maharagi ya mama yake.

Na mwaka huu ni zamu ya Kigoma kutupokea! Sufuria ya mwenye kushinda iko kwetu, nimeisugua mpaka inang'aa, na hakuna wa kumupelekea. Babinti bapya ba timu banadhani hii mashindano ya inchi tatu ilianzishwa na bakubwa fulani mu bureau. Nabaambia, ebo! Ilianzishwa na muuza ndakala.

Ulikuwa unapeleka ndakala Kigoma, bo banaziita dagaa, ukakuta bamama ba kule banacheza mupira nyuma ya soko. Ukaweka muzigo chini, ukaingia. Ulirudi nyumbani na goti imechubuka, unacheka peke yako. Kisha bale bamama bakatutumia neno kwa mwenye boti: "Njooni, tutawafunga wote."

Eee, Yaya, unakumbuka Mama? Huku kwetu mutu anatia goli. Kumufunga mutu ni kumutia buloko. Mama akakaza kitenge, akasimama mbele ya boti: "Batoto bangu bamekosa nini kule Kigoma?" We ulianguka mu muchanga na kicheko. "Mama, ni mupira!" "Mupira gani inafunga batu?" Akapanda naye, ati anakuja kututoa buloko. Na ulipotia goli ya kwanza, nani alipiga kelele kupita bote? "Tumebafunga! Tumebafunga!" Mpaka bamama ba Kigoma nabo bakacheka.

Tulishinda siku ile. Bale bamama balikuwa banaketi chini, soko imekwisha, habajakula. Ukaazima sufuria, ukapika ugali na samaki, ukabalisha. "Mutu asirudi kwake na njaa na hasira pamoja," ulisema. Tangu siku ile mwenye kushinda njo anapika, na ile sufuria, mwenyewe hakuidai tena, anabaki nayo mpaka mashindano ingine. Barundi bakimbizi balipofika ku kambi ya Lusenda, ulienda kule kwa miguu kubatafuta. Habakuwa na viatu, basi na sisi tukavua yetu. Mara ya kwanza baliposhinda bakatupikia maharagi ya kambi, na tulikula mpaka tukasahau kama tumepigwa.

Ile sufuria njo ilipikia matanga yako. Bamama ba Lusenda bakakuja kuisonga ugali, habakuniacha nishike hata mwiko.

Sasa sikia kitu kinachoniuma. Baada ya matanga, Baba Mukubwa aliita familia. Alisema nyumba yako isizimike, niingie mu nafasi yako, nikuwe bibi ya shemeji. Alisema kwa upole, kama mutu anayekugawia nyama. Bote bakaitika. Mama alilia tu. Shemeji aliangalia chini, anachuna mukeka na kidole. Unamujua bwana wako, ni mutu muzuri, na kwa sababu ni muzuri njo nashindwa hata kumukasirikia.

Mi nikasema mungoje kwanza. Mi njo kapiteni, niende Kigoma na timu, nitajibu nikirudi. Bakakubali. Nilifikiri kule ng'ambo, mbali na macho yabo, nitapata pumzi na maneno. Kumbe ziwa nayo iko upande yabo! Jana Baba Mukubwa akakuja, akaketi, akakunywa maji yote mu kikombe kabla ya kufungua kinywa. "Mupira haiko tena, Sifa. Jibu iko wapi?"

Kesho, ibada ikiisha, banakaa tena kuisikia.

Yaya, nimefungwa. Ile ya kwetu, si ile ya Kigoma. Mbele ni maji, nyuma ni milima, ku mulango ni familia. Miaka yote nacheza kati ya uwanja, we njo ulinifundisha kutoka hata kama batu batatu banakubana. Lakini hapa, benye bananibana ni benye bananipenda. Utamupiga nani chenga? Mama yako? Naamka na meno imekazana, taya inaniuma mpaka saa ya chai. Na bajirani banapita banasema, "Sifa, una bahati, hautaenda mbali, nyumba iko tayari." Bahati! Ningebatupia sahani.

Tena banasema jambo moja ambayo siwezi kuivumilia. Banasema, "Yaya wako alikuachia nyumba." Nani alibaambia? Bote balikuwa inje, banaume ku viti, bamama ku moto. Homa ilikuwa imekumaliza, sauti yako imekuwa ndogo, nikaweka sikio ku kinywa yako. Ulisema, "Sifa, uangalie batoto." Basi. Sikio yangu haiko kiziwi. Ulisema batoto, Yaya. Haukusema bwana.

Na kwa batoto, bananipa nini ambayo sikuwa nayo? Mudogo wa mama anaitwaje? Mama mudogo. Siku Amani alipozaliwa, kabla hajapata jina yake, mi nilikuwa tayari na yangu. Haikungoja ndoa.

Hiyo njo nitasema kesho. Baba Mukubwa anaweza kunigeuzia mugongo mpaka nife, na hakuna boti ya kunipeleka mahali, nitabaki papa hapa nikikutana nabo kila asubuhi ku maji. Naogopa. Kwa kweli naogopa sana, Yaya, kuliko siku yoyote ya mupira. Lakini nitasema nikimuangalia shemeji usoni, asidhani namudharau.

Nakuacha sasa. Amani analia, bamemupiga na ile mupira ya matambara ku pua, na naona mwenye kosa anakimbilia ku choo. Pumzika, Yaya wangu wa miguu myepesi. Udongo ya Baraka ikubebe polepole. Batoto bako nitabalea mpaka banizike bo. Nitabalisha, nitabakaripia, nitabafundisha kupiga mupira na miguu yote mbili. Lakini mu kitanda yako sitalala.

Mudogo wako,
Sifa