Leseni ya Kilabu cha Tembo

Jumanne, Mabawa

Nilionja mwenyewe. Hilo ndilo linalonichoma.

Bwana afya alikuja saa nne asubuhi, na leseni inaniruhusu kuuza tembo la mnazi kuanzia saa kumi jioni.

"Mama Anjela, nina kiu. Kikombe kimoja tu."

"Sijafungua, bwana."

"Mimi si mteja, ni mgeni wako."

Nikaona haya kumnyima. Nikachota, nikaonja kwanza mbele yake, kama tunavyomwonyesha kila mnywaji kwamba hakuna sumu. Akaandika kwamba nimefungua kabla ya saa, akaibandua leseni ukutani.

Mume wangu walishampunguza kazi kwenye shamba la mkonge. Sasa na kilabu…

Kabla ya kuondoka alikinywa kikombe chote, bila wasiwasi. Si nilikuwa nimeshamwonjea?