Kidole Gumba Upande wa Kushoto

Kindu, Jumanne, kisha sala ya Magharibi

Tena saa nane kamili, kama mutu mwenye zamu. Kichwa kilinishika nyuma ya jicho la kuume, machozi yakatoka. Niliacha karatasi za reli mezani, nikazunguka uani mpaka kikaniachia.

Lakini kilichoniudhi njo mambo ya dispansere, nilikokwenda kutibiwa. Yule musaidizi wa munganga alitaka kujua kama ninajifanya. Akaniminya kwa kidole gumba juu ya jicho la kuume. Niliruka. Akaminya kushoto, pale pasipo ugonjwa. Niliruka tena.

"Karani, ulisema kuume. Sasa huku kushoto iko nini?"

Hata begani aliponiminya niliona uchungu. Akaandika: muvivu.

Nyumbani muke wangu Zaina alitaka kunikaza kitambaa kichwani, kama kwao walivyomufunga yeye tangu utoto kila kichwa kilipomuuma. Nilimuzuia, maana hata kuguswa kuliniuma.

"Basi nitakaa tu karibu," akasema. Akakaa, bila kunigusa.

Kesho munganga muzungu atanipima mwenyewe. Naye akiandika muvivu, kazi imekwisha. Kwa hiyo akiminya kushoto nitauma meno, ninyamaze. Ili aamini ukweli wangu, itanipasa kwanza nimudanganye.