Mafuta Kinywani mwa Basar

Mdogo wangu Nyamsuren,

Mimba inakwendaje? Mama anasema uache kubeba madumu ya maji. Huku mbuzi mweupe kazaa mapacha, na farasi wako kanenepa hata tandiko halimkai.

Kila barua unaniuliza habari za mbwa wako Basar, nami kila barua nakujibu habari za mbuzi. Leo nakujibu.

Panya walikuwa wanamaliza nyasi za malisho, nikamwaga nafaka yenye sumu kwenye mashimo yao. Mama alinifokea: "We Luvsan! Panya anakula nyasi, mwewe anakula panya. Ukimaliza panya, mwewe ale nini, kofia yako?" Nikacheka.

Panya walikufa kweli. Lakini mwewe mmoja hula panya wengi, na sumu ya wote ilirundikana mwilini mwake. Mmoja akaanguka karibu na hema. Basar, mlafi wako yule, alimla kabla sijamfikia, naye akafa kwa sumu ile ile.

Tulimzika mlimani kama mila inavyotaka. Tulimkata mkia tukamwekea chini ya kichwa, na mafuta ya kondoo kinywani, ili arudi duniani akiwa binadamu. Mwewe hawaonekani tena. Panya wamerudi, wengi kuliko mwanzo.

Mama anasema Basar hakumpenda mtu yeyote kama alivyokupenda wewe, kwa hiyo atarudi kwako. Mtoto akizaliwa nitakuja kumwona. Akilia nikimpakata, tafadhali usimnyamazishe. Ana haki.

Kaka yako asiyestahili salamu zako,
Luvsan